USMLE Step 1 ukiwa mwanafunzi wa udaktari Uganda: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa MBChB, yaani shahada ya udaktari, aliyeko Mulago, Mbarara, Gulu, Mbale au Ishaka, anayewaza kwenda kusomea ubingwa Marekani na ameshaanza kuulizia huku na kule habari za Step 1, sehemu ya kwanza ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani. Ushauri mwingi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp umetoka kwa watu waliosomea kwingine. Wao huanza kwa kukwambia "tenga miezi sita usome tu," wakati wewe una raundi ya wodi saa mbili asubuhi, una zamu ya usiku, na bado hujapelekwa kijijini kwa mafunzo ya afya ya jamii. Hapa nafuata kalenda yetu na mifuko yetu.

Kwanza hakikisha unauhitaji

Kama nia yako ni kufanya kazi Uganda, Step 1 haikuongezei kitu. Njia ya hapa unaijua: miaka mitano chuoni, mwaka mmoja wa utarajali, kisha usajili wa UMDPC, baraza la madaktari la Uganda. Mtanzania anayerudi nyumbani atakutana na Baraza la Madaktari Tanganyika, Mkenya atakutana na baraza la kwao, KMPDC, na kila baraza lina masharti yake kwa waliosomea nje. Anayeitaka Uingereza ana mtihani wake, PLAB.

Step 1 ni mlango wa kwanza tu wa mtihani wa leseni wa Marekani. Nyuma yake kuna Step 2 CK inayopima tiba ya wodini, mtihani wa Kiingereza cha kitabibu uitwao OET, cheti cha ECFMG, taasisi inayothibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani, maombi ya nafasi ya ubingwa, viza, halafu Step 3. Madaktari wengi wa kigeni huingia kwa viza ya J-1, ambayo hudai barua ya wizara ya afya ya nchi yako kwamba taifa linahitaji mabingwa wa fani hiyo, na kwa kawaida hukutaka urudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya mafunzo. Haya yazungumze na mzazi au mfadhili wako kabla hajatoa hata shilingi. Nimeona familia inauza shamba ikidhani mtihani mmoja ndio tiketi ya ndege.

Jambo jingine la kujua mapema: tangu tarehe 26 Januari 2022 Step 1 haina alama. Ni kufaulu au kufeli. Kaka mkubwa anayekusisitiza upate 250 anakusimulia habari za zamani. Lakini usiupuuze kwa sababu hiyo. Mwaka 2023, kati ya waliosomea nje ya Marekani na Kanada na kuufanya kwa mara ya kwanza, waliofaulu walikuwa takriban asilimia 72. Maana yake karibu watatu katika kila kumi walianguka, na kuanguka hakufutiki kwenye rekodi yako. Kwa hiyo lengo ni moja: usiingie chumba cha mtihani kabla hujawa salama.

Makaratasi kabla ya vitabu

Anza na jina. Jina kwenye maombi lazima lilingane na la pasipoti utakayokwenda nayo siku ya mtihani, na hapa ndipo watu wa kwetu wanapokwama. Mganda mmoja pasipoti inamwandika kwa jina la ukoo kwanza, chuo kinamwandika jina la ubatizo kwanza, na cheti cha sekondari, UCE, kina jina la tatu ambalo baba yake aliliacha njiani. Mtanzania ana majina matatu kwenye pasipoti na mawili chuoni. Fungua pasipoti, fungua kitambulisho cha chuo, fungua barua ya udahili, uviweke mezani kwa pamoja. Kama havilingani, shughulika sasa na ofisi ya masajili na mwanasheria wa kukuandalia kiapo au hati ya kubadili jina, maana kazi hiyo inaweza kula wiki nyingi.

Kisha tafuta chuo chako kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, World Directory of Medical Schools, na usome maelezo ya ECFMG yaliyoandikwa chini ya jina la chuo. Usiridhike na "wa mwaka jana alikubaliwa." Soma mwenyewe, kwa mwaka wako wa kuhitimu.

Chuo pia kitatakiwa kuthibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wake na kwamba umemaliza masomo ya msingi ya tiba. Ulizia nani pale ofisi ya mkuu wa kitivo ana mamlaka ya kuthibitisha, na kama amewahi kufanya hivyo. Mtu huyo ukimkuta hajui mfumo, mwelekeze kwa adabu, mpelekee maelezo yaliyochapwa, umrudie. Kumsukuma hakusaidii, na yeye ndiye atakayekuthibitishia tena kwa Step 2 CK.

Pesa sasa. Mwaka 2025 ada ya mtihani peke yake, pamoja na nyongeza ya wanaofanyia nje ya Marekani, ilipita dola 1,000; ya mwaka wako itazame kwenye tovuti. Kwa shilingi za Uganda hiyo ilikuwa karibu milioni nne au zaidi, na hulipwa kwa kadi. Kadi nyingi za benki za wanafunzi zina kikomo cha malipo ya mtandaoni, hivyo nenda benki ukiongeze kabla ya siku ya kulipa. Halafu kuna benki ya maswali, mitihani ya majaribio, bando, pasipoti, labda na safari. Chovya chovya humaliza buyu la asali: andika kila kitu kwenye karatasi moja kabla ya kununua cha kwanza.

Chagua mwaka

Kwa maoni yangu, wakati mzuri ni likizo ndefu ya katikati ya mwaka, baada ya mwaka wa tatu au wa nne. Mwaka wa pili ni mapema, hujaona wagonjwa wa kutosha. Mwaka wa tano una mitihani ya mwisho, na hakuna mtihani wa nje unaofaa kukufelisha wa ndani. Utarajali nao usiutegemee, maana utakuwa na wodi nzima mikononi. Isipokuwa kama umehitimu na unasubiri kupangiwa hospitali. Kusubiri huko kumewahi kwenda miezi, na aliyeutumia muda huo kusoma hakuupoteza.

Kuna saa nyingine ya kuiangalia pia. Ukishafaulu mtihani wa kwanza, ECFMG inakupa miaka 7 kukamilisha mitihani inayohitajika kwa cheti chake. Aliyefanya Step 1 mwaka wa tatu kisha akapumzika kwa muda mrefu anaweza kujikuta anakimbizana nayo.

Soma kupitia wodi

Hapa ndipo kwenye kazi. Wodi zetu zinatufundisha kufanya, tena haraka. Step 1 inauliza kwa nini. Mwanafunzi anayedhani hivyo ni vitu viwili tofauti husoma mara mbili na kuchoka mara mbili.

Mfano. Mtoto wa miaka 7 mwenye selimundu kaletwa na mama yake, kalegea, viganja vyeupe, hemoglobini (Hb) 3.4. Wodini kazi iko wazi: pima malaria, pima kundi la damu, mwongezee damu. Ukifanya hivyo umefanya vizuri. Step 1 inaanzia pale ulipoishia. Itakwambia wiki iliyopita alikuwa na homa na mafua, bandama haijaongezeka, retikulositi, yaani chembe nyekundu mpya kwenye damu, ni asilimia 0.2. Halafu haitakuuliza ugonjwa. Itakuuliza kisababishi kina sifa gani, na majibu yote yatakuwa ya aina ya jenomu na kama kirusi kina utando au hakina.

Ulitakiwa upande ngazi tatu. Retikulositi zimeshuka, kwa hiyo uboho umeacha kuzalisha. Uboho ukisimama ghafla kwa mtoto wa selimundu baada ya homa, mshukiwa wa kwanza ni parvovirusi B19. Na parvovirusi ni DNA ya uzi mmoja isiyo na utando, inayoingia kwenye chembe changa za damu nyekundu kupitia antijeni ya P. Sasa jiulize kwa nini mtoto asiye na selimundu akipata kirusi hicho hicho anaendelea kucheza. Jibu ni kwamba chembe zake huishi siku 120, akikosa mpya kwa wiki moja hatetereki. Za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Badilisha mstari mmoja wa swali, retikulositi zipande na bandama ijae ghafla, basi umehamia kwenye damu kunaswa ndani ya bandama, na jibu la kwanza limekuwa mtego.

Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa Uganda wanabeba chembe ya selimundu. Mwanafunzi wa Gulu au Kampala anawaona watoto hawa kila wiki. Kwa nini basi asome selimundu kwenye picha?

Fanya hivi kila siku ya wodi: chagua mgonjwa mmoja, na jioni umwandikie ukurasa mmoja wenye "kwa nini" tatu. Kwa nini glutamiki ikibadilishwa na valini chembe inajikunja? Kwa nini dawa ya hydroxyurea inasaidia? Kwa nini bandama yake ikifa anaandamwa na bakteria wenye kapsuli? Kisha jioni hiyo hiyo fanya maswali ya mada hiyo. Kikundi cha watu watatu au wanne kinatosha, na kama nyote mnaongea Kiswahili, elezaneni kwa Kiswahili. Sentensi za kitabu zinakaririka bila kueleweka. Ukimweleza mwenzio kwa maneno ya nyumbani, pengo linaonekana hapo hapo.

Tena Uganda yenyewe imo ndani ya mtihani huo. Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya wa watoto akiwa Mulago, makala yake ikatoka mwaka 1958, na leo utaulizwa uhamisho wa kromosomu t(8;14), jeni ya c-myc na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo vilionekana mwaka 1964 kwenye vipande vya uvimbe vilivyotumwa London kutoka Uganda. Zika ni msitu wa karibu na Entebbe, kirusi chake kilipatikana 1947. West Nile ilipatikana 1937 kwenye eneo lenye jina hilo, kaskazini magharibi. Vyote viwili ni flavivirusi, RNA ya mwelekeo chanya, kimoja kwa mbu Aedes na kingine kwa Culex. Hayo hayahitaji kadi ya kumbukumbu, unayapitia kwa basi.

Yale ambayo wodi zetu hazitakupa

Malaria inayojaza wodi itakuja kwa maswali machache, na mgonjwa atakuwa msafiri aliyerudi kutoka safarini. Badala yake utakutana na sistiki fibrosisi, ugonjwa wa Lyme, na ramani ya kuvu wa Marekani: Histoplasma mabonde ya mito Ohio na Mississippi, Coccidioides kusini magharibi. Haya anza nayo mapema na uyarudie mara nyingi, kwa sababu hutapata mgonjwa wa kukukumbusha.

Majina ya dawa nayo yanabadilika. Parasetamoli yetu huko ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine, rifampicin ni rifampin, glibenclamide ni glyburide, pethidine ni meperidine. Septrin itaandikwa trimethoprim-sulfamethoxazole, yote. Glukosi huko husomwa kwa mg/dL: zidisha mmol/L yako kwa 18. Kreatinini ya µmol/L igawanye kwa 88.4. Jedwali la viwango vya kawaida litakuwepo kwenye kompyuta, lakini kila ukilifungua unachoma muda.

Pale watu wetu wanapoanguka bila kutarajia ni kwenye maadili na mawasiliano. Mzee ana saratani ya ini. Mwanawe mkubwa anakuvuta pembeni koridoni: "Daktari, tafadhali, mzee asiambiwe. Tuambie sisi." Kwetu madaktari wengi wataitikia kwa kichwa, na wana sababu zao, maana mwana huyo ndiye atakayelipa dawa na ndiye atakayemwogesha baba. Kwenye Step 1 jibu hilo ni kosa. Kule mgonjwa mwenye akili timamu ndiye mwenye habari zake. Jibu sahihi kwa kawaida litakuwa la kumuuliza mwana ana hofu gani, kisha kumuuliza mzee mwenyewe angependa kujua kiasi gani na nani awepo. Usibishane na mtihani juu ya nani ana haki. Jifunze mantiki yake: mgonjwa kwanza, swali la wazi kabla ya maelezo, usimhukumu, usimsukumie mtu mwingine kazi ambayo ni yako.

Takwimu za tiba zisome kwa kalamu. Chora jedwali la mbili kwa mbili mpaka mkono ulizoee. Ni alama za bei rahisi.

Vifaa, umeme na wauza maswali

Benki moja ya maswali inatosha. UWorld ndiyo wengi wanayoitumia. Akaunti ni ya mtu mmoja, na zile za kugawana zinazouzwa mitandaoni zinaweza kufungwa katikati ya masomo, pesa ikaenda. Usiinunue mpaka uwe tayari kuitumia kila siku, kwa sababu siku zake zinahesabika tangu unapoiwasha. Kabla ya hapo tumia Anki, programu ya kadi za kumbukumbu, ambayo kwenye kompyuta na simu za Android ni bure na inafanya kazi bila intaneti. Ukifanya maswali, tumia muda mwingi zaidi kusoma maelezo kuliko kujibu, hasa kwa nini yale majibu mengine manne si sahihi.

Umeme utakatika. Pakia maelezo kwenye simu mapema, weka betri ya akiba, na ujue maktaba gani ina jenereta. Pale Mulago, maktaba ya Albert Cook ina utulivu ambao hosteli ya Wandegeya haitakupa hata kwa kulipia.

Tovuti ya USMLE ina maswali 120 ya bure, yafanye wiki za mwisho. Kabla yake, nunua mitihani ya majaribio ya NBME, bodi inayoandaa maswali ya USMLE, ambayo hukupa makadirio ya uwezekano wako wa kufaulu kama ungefanya mtihani wiki hiyo. Ninavyoona, miwili mfululizo ionyeshe asilimia 95 au zaidi, ikiwa imefanywa kwa muda halisi, bila simu. Mmoja ukiwa juu na mwingine chini, bado.

Kuhusu wanaouza "maswali yaliyotoka" Telegram: achana nao kabisa. Januari 2024 USMLE ilibatilisha matokeo ya watahiniwa waliohusishwa na Nepal baada ya kuona dalili kwamba maswali yalijulikana kabla. Miaka ya kazi iliingia shakani kwa barua moja.

Tarehe na kituo

Ukikubaliwa utachagua dirisha la miezi mitatu, utapata kibali, na kwa kibali hicho utashika kiti kwenye kituo cha Prometric, kampuni inayosimamia mitihani ya kompyuta. Tazama vituo na siku zilizo wazi kabla ya kuchagua dirisha. Shika tarehe mapema, kwani kuibadilisha ikiwa imekaribia kunatozwa.

Ikiwa utaangukia Nairobi, usipande basi la usiku ufike alfajiri ya mtihani. Malaba au Busia foleni moja tu inatosha kukuharibia. Fika siku mbili kabla, lala karibu na kituo, na kesho yake nenda ukaone mlango wenyewe na msongamano wa saa hiyo. Wananchi wa Uganda na Kenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na hilo limewafanya wengine waache pasipoti nyumbani. Kituoni utadaiwa pasipoti hiyo.

Siku yenyewe

Ni muda wa saa nane kwa siku moja, maswali yasiyozidi 280. Kwa miaka mingi yaligawanywa kwa bloku, yaani mafungu, 7 ya dakika 60. Mgawanyo wa mwaka wako utauona kwenye tovuti, na ujizoeze na huo huo. Ukishafunga bloku hairudiwi. Hesabu sekunde 90 kwa swali. Soma mstari wa mwisho kwanza ujue unaulizwa nini, halafu panda juu kwenye habari za mgonjwa. Jibu kosa halikatwi alama, kwa hiyo usiache wazi hata moja.

Simu na saa ya mkononi vitabaki kwenye kabati, mifuko itakaguliwa, na kila ukitoka na kuingia utajiandikisha upya. Muda huo unaliwa kwenye mapumziko yako, kwa hiyo mapumziko ya dakika kumi si dakika kumi. Beba chakula ambacho tumbo lako linakijua: ndizi, chapati, karanga, maji. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mafuta mengi saa sita mchana itakulaza bloku nzima inayofuata. Usijadili maswali na mtu pale nje, ni kinyume cha masharti uliyoyasaini.

Matokeo

Kwa kawaida hutoka ndani ya wiki nne. Rudi wodini, usikae ukihesabu makosa.

Ukifeli, sheria ni hizi: si zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12, na jumla ya majaribio kwa kila Step ni manne. Ripoti itakuonyesha maeneo uliyokuwa dhaifu. Anza na hayo, na usilipie tarehe nyingine mpaka mitihani ya majaribio ikuruhusu tena. Ukifaulu, pakua ripoti siku hiyo hiyo na uihifadhi mahali pawili, kwa maana haikai mtandaoni milele. Halafu anza Step 2 CK fani ulizozisoma zikiwa bado za moto. Huo una alama, na kwa kuwa Step 1 haina tena, ndiyo namba ambayo wakurugenzi wa mafunzo watakuwa nayo mezani wakisoma maombi yako.